Kuhamisha Picha Kutoka Karatasi Hadi Kitambaa: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyumbani Mombasa

Anayetaka kuitia foronya picha ya mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, au kuandika jina la mtoto kwenye mkoba wake wa madrasa, kwa kawaida hukimbilia kuuliza ni gundi gani inayofaa. Swali hilo lina nafasi yake, ila kuna mawili yanayolitangulia: picha itachapwa kwa wino gani, na kitambaa kimefumwa kwa nyuzi gani. Kazi nyingi zinazoharibika, iwe ni picha iliyochuruzika rangi, iliyobanduka baada ya kufuliwa mara moja au iliyokataa kushika tangu mwanzo, huharibikia hapo, kabla hata pasi haijawashwa. Mwongozo huu unaeleza njia zinazowezekana nyumbani kwa vifaa vinavyopatikana mjini, na unakaa zaidi kwenye njia mbili, ya pasi na ya midiamu ya akriliki (maji mazito meupe ya wachoraji), kwa kuwa ndizo zinazompa fundi wa nyumbani matokeo ya kutegemeka.

Wino uliotoka kwenye mashine

Maduka ya fotokopi na saiba za mjini huwa na mashine za aina mbili. Ya kwanza ni ya leza, ambayo ni jamaa wa karibu wa mashine ya fotokopi. Hiyo hutumia unga mkavu uitwao tona, ambao kwa asili yake ni plastiki iliyosagwa na kutiwa rangi. Mashine huupanga unga juu ya karatasi kwa nguvu ya umeme tuli, kisha huipitisha karatasi kwenye rola yenye joto la takriban nyuzijoto 200 ili unga uyeyuke na kugandama. Ya pili ni printa ya wino wa maji, ambayo hurusha matone madogo mno ya wino, nayo karatasi huyanywa. Kwa kuwa tona ni plastiki, maji hayaidhuru, lakini hulainika kwa joto na kwa viyeyushi kama asetoni, iliyo katika dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha. Wino wa maji, hasa ule wa bei nafuu, huchuruzika mara tu unapoguswa na kitu chenye unyevu, gundi ikiwa mojawapo.

Mhudumu wa duka anaweza kukujibu bila uhakika kuhusu mashine yake, kwa hiyo ni vyema kujipimia mwenyewe. Lowesha ncha ya kidole, sugua ukingo wa picha iliyochapwa mara tatu au nne, kisha uangalie. Rangi ikisambaa, huo ni wino wa maji; ikibaki ilivyo na kidole kikabaki safi, yaelekea ni tona. Ukiiinamisha karatasi mbele ya dirisha, tona huonekana kuwa na mng'ao mdogo na kukaa juu ya karatasi, ilhali wino wa maji kwenye karatasi ya kawaida huonekana umefifia na kuzama ndani.

Njia ya akriliki na ile ya asetoni zinahitaji tona, hakuna mjadala. Karatasi maalumu za kupiga pasi, zenye utando unaohamia kitambaani pamoja na picha, huandikwa kwenye pakiti zimetengenezewa mashine ya aina gani, na maandishi hayo hayana budi kuheshimiwa: karatasi ya wino wa maji ikiingizwa kwenye mashine ya leza, utando wake waweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola, na mwenye duka atakudai mashine yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mashine za kawaida hazina wino mweupe. Mahali palipo peupe kwenye picha, mashine huacha karatasi wazi, na picha ikihamia kitambaani, rangi ya kitambaa ndiyo itakayochungulia hapo. Tanga jeupe la jahazi, likihamishiwa kwenye kitambaa cha manjano, litakuwa la manjano. Kanzu nyeupe ya babu kwenye picha ya familia itachukua rangi ya foronya. Kwa sababu hiyo, kitambaa cheupe au cha rangi hafifu ndicho kinachofaa, isipokuwa ukinunua karatasi ya kupiga pasi iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa vyeusi, ambayo ina tabaka lake jeupe chini ya picha.

Kitambaa

Kwenye maduka ya Mtaa wa Biashara, ambako watu wengi wa Mombasa huendea leso na vikoi, utapata pia vitambaa vya kukatwa kwa mita. Cha kuanzia kujifunza ni marekani, yaani pamba isiyopaushwa, kwa sababu ni cha bei nafuu na huvumilia moto. Poplini ya pamba nyeupe hutoa picha kali zaidi, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba na zimebanana. Marudufu hufaa mikoba, lakini uso wake una mabonde, na picha yenye mistari myembamba hukatikakatika juu yake. Itilie michoro minene.

Muuzaji akisema kitambaa ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja pembeni, ushike kwa koleo dogo juu ya sahani ya bati na uuguse kwa moto wa kiberiti. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Ikitokea dalili zote mbili kwa pamoja, basi kitambaa ni mchanganyiko, na pasi yenye joto la pamba yaweza kukikunja. Baadhi ya leso zinazouzwa siku hizi ni za poliesta, kwa hiyo kipimo hiki hakipotezi muda hata kwa nguo uliyoizoea. Madera yanayong'aa na kuteleza yaachwe kabisa kwa njia hizi za nyumbani.

Kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani unaoziba nyuzi. Kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kisuuze sana, na usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa maana huacha utando wa mafuta unaozuia kila kitu kushika. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi watafute ndoo moja ya maji matamu kwa msuuzo wa mwisho, kwa sababu chumvi ikikaukia kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewa.

Unyevu wenyewe unastahili kuzungumziwa zaidi, kwa kuwa katika pwani yetu ndio adui mkubwa. Pamba inayoonekana kavu hubeba maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake, na hewa ya masika huongeza kiasi hicho. Pasi ya moto ikiwekwa juu ya picha, maji hayo hugeuka mvuke, hukosa pa kutokea, na kuinua utando wa picha kwa vipovu vidogo kama upele. Dawa yake ni kupiga kitambaa pasi kavu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuweka picha, na kufanya hivyo hata kama nguo imetoka kuanuliwa juani. Karatasi nazo hunywa unyevu: pakiti ikifunguliwa ifungwe tena kwa nailoni na kuwekwa mahali pakavu, mbali na jikoni.

Kutayarisha picha

Chagua picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na kivuli, kwa sababu kila njia hupunguza ukali kidogo. Ukiupiga picha mlango wa nakshi jua likiwa utosini, maua na minyororo yake hubaki bapa. Uupige asubuhi au alasiri, mwanga ukiwa wa mshazari, ili kila mchongo uwe na kivuli chake. Katika vichochoro vya Mji wa Kale mwanga wa namna hiyo hukaa muda mfupi, kwa hiyo ni busara kuuchunguza mlango siku moja kabla.

Hapa pana jambo la adabu ambalo wengine hulipita. Milango mingi ya kale ina maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu, na baadhi yake ni aya za Kurani. Picha kama hiyo haifai foronya ya kukalia wala zulia la miguu; ama ikatwe ukanda wa juu ubaki mchoro wa maua, ama itundikwe ukutani. Vilevile, anayenuia kuuza kazi yake atumie picha alizopiga mwenyewe au alizopewa ruhusa, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda picha za watu wengine hata zikiwa zimezagaa mtandaoni.

Ubora wa picha hupimwa kwa nukta. Kiwango cha kuridhisha ni nukta 300 kwa kila inchi, maana yake picha ya upana wa sentimita 18 inahitaji nukta zipatazo 2,100 upande huo. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa. Mwombe aliyeipiga akutumie kama hati ili ikufikie ilivyo. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na kwa foronya ya sentimita 40 kwa 40, picha moja ya A4 hukaa vizuri katikati na kuacha ukingo wa heshima. Usijaribu kuunganisha karatasi mbili katika kazi za mwanzo, kwani mahali pa kiungo huonekana daima.

Picha ya familia ya zamani isitumiwe yenyewe kamwe. Iskaniwe, nakala ndiyo ifanyiwe kazi.

Kisha igeuzwe kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa kuwa karatasi hulazwa kitambaani uso ukiwa chini. Karibu kila simu ina kitufe cha kugeuza picha katika sehemu ya kuhariri, na mhudumu wa saiba pia anaweza kufanya hivyo ukimwambia. Usipoigeuza, mlango uliogeuka hakuna atakayeugundua isipokuwa anayeujua, lakini jina chini ya picha, yaani msemo kwa mtindo wa leso, litasomeka kinyume na kazi yote itakuwa imeharibika. Andika tuseme "Mgeni njoo mwenyeji apone", uligeuze pamoja na picha, kisha ulisome kupitia kioo cha mezani kabla ya kuchapa. Wasiosoma Kiarabu wanaoshughulikia maandishi ya hati hiyo wampe anayeisoma aithibitishe, kwa maana jicho lisilozoea halitambui herufi iliyogeuka. Karatasi ya vitambaa vyeusi ndiyo pekee isiyohitaji kugeuzwa, kwa sababu hiyo hubandikwa uso ukiwa juu.

Njia ya pasi

Karatasi hiyo maalumu ya kupiga pasi ina utando mwembamba wa plastiki juu ya karatasi ya kawaida. Joto huuyeyusha utando, mgandamizo huusukuma ndani ya nyuzi, na ukipoa hubaki umeng'ang'ania pamoja na picha. Mambo matatu yanahitajika kwa pamoja, yaani joto, uzito na muda, na upungufu wa kimojawapo haufidiwi na wingi wa kingine.

Kwanza kata picha ukifuata umbo lake, ukiacha ukingo wa milimita mbili au tatu tu. Sehemu yote ya utando itahamia kitambaani hata pasipo na rangi, na ukingo mpana utaonekana kama kivuli kinachong'aa. Pembe zikatwe kwa kuviringwa. Pembe kali ndizo zinazoanza kuinuka zinapofuliwa.

Mahali pa kupigia pasi pawe pagumu. Meza ya kupigia pasi ina sponji inayomeza mgandamizo, na godoro ni baya zaidi. Mkeka wa ukindu nao haufai, kwa kuwa msuko wake huacha mistari juu ya picha. Meza ya mbao iliyotandikwa shuka la pamba lililokunjwa mara mbili, pasiwe na mkunjo hata mmoja, ndiyo inayofaa. Asiye na meza imara afanyie sakafuni juu ya ubao. Feni izimwe kwa muda huo, kwani upepo wake hupoza kingo za picha wakati katikati bado pana moto, na hapo ndipo picha inaposhika nusu.

Pasi ya umeme iwekwe kwenye alama ya pamba, na tangi la maji liwe tupu ili mvuke usitoke. Laza picha uso ukiwa chini, kisha gandamiza pasi kwa nguvu za mabega kwa sekunde 15 hadi 20 mahali pamoja, uinue, uiweke mahali panapofuata ukipitiliza kidogo pale ulipotoka. Usiteleze pasi kama unayenyoosha shati, maana karatasi husogea na picha huwa na kivuli chake. Matundu ya mvuke yaliyo chini ya pasi hayana joto, kwa hiyo kila sehemu ipigwe mara mbili, mara ya pili pasi ikiwa imehamishwa sentimita chache. Kingo na pembe zipewe sekunde za ziada. Muda wa jumla unaoandikwa kwenye pakiti ndio wa kufuatwa, kwa kuwa kila mtengenezaji ana utando wake.

Umeme ukikatika, au kwa wale wasioutegemea, pasi ya makaa hufanya kazi hii vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Uzito wake ni mkubwa, na bapa lake halina matundu, kwa hiyo joto hufika kila mahali. Taabu yake ni kwamba haina kipimo. Ijaribu kwenye kipande cha pamba nyeupe kwa sekunde kumi: kitambaa kikigeuka manjano, iache ipoe, kikibaki cheupe na kikawa cha moto usioweza kukishika, anza. Majivu yapulizwe nje kabla, nayo makaa yawe yameshika moto vyema pasiwe na cheche, na juu ya kazi pawekwe karatasi ya kuokea keki ili jivu lolote lisigandamane na utando.

Kubandua kunategemea pakiti. Zipo karatasi zinazobanduliwa zikiwa moto na zipo zinazotaka kupoa kabisa, na ukizikosea utando huchanika. Katika hali zote mbili anzia pembeni, inua sentimita moja, uangalie. Picha ikionekana kubaki na karatasi, irudishe chini na uigandamize tena. Ikiwa imeshika kitambaa, endelea kuvuta karibu na uso wa kitambaa, polepole na bila kusita katikati, kwa maana pale mkono unaposita hubaki mstari.

Kwa karatasi ya vitambaa vyeusi mpangilio hubadilika. Tabaka la picha hubanduliwa kwanza kutoka kwenye karatasi yake, hulazwa kitambaani uso ukiwa juu, hufunikwa kwa karatasi ya kuokea keki, ndipo pasi inapowekwa. Matokeo yake ni mazito na hayapitishi hewa, na kwa joto la Mombasa, fulana yenye picha pana ya namna hii kifuani si vazi la kumpa mtu unayempenda. Kwa mkoba au kitambaa cha ukutani haina kasoro.

Njia ya midiamu ya akriliki

Midiamu ya akriliki ni maji mazito meupe wanayotumia wachoraji kuchanganyia rangi, na hupatikana katika maduka ya vifaa vya sanaa. Ikikauka huwa utando wazi, unaonyumbuka na usioyeyuka tena kwa maji. Watu wengi hutumia gundi nyeupe ya mbao badala yake. Inawezekana, lakini gundi ya mbao ya kawaida hulainika tena ikilowa, hivyo ifanyiwe vitu visivyofuliwa, kama picha ya kutia fremu. Foronya na mikoba ipewe akriliki.

Chapa picha kwa leza kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi. Karatasi nzito au yenye mng'ao haimenyeki. Ndani ya foronya weka kizuizi ili midiamu isigandishe tabaka mbili za kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, ila kava ya faili kuukuu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa kuwa ni bapa.

Paka midiamu juu ya uso wa picha kwa brashi pana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, mpaka picha ionekane kwa shida kupitia weupe wake. Tabaka likiwa jembamba mno, picha itakuwa na mianya. Likiwa nene mno, litafurika pembeni na kitambaa kitakuwa kigumu. Geuza karatasi uso chini, iweke mahali pake mara moja bila kuisogezasogeza, kisha isukume kwa kadi ya plastiki kuanzia katikati kuelekea nje ili kutoa hewa. Kinachotoka pembeni kifutwe papo hapo kwa kitambaa kibichi. Kiache kikauke kikiwa kimelala, kwa muda usiopungua saa 24. Wakati wa masika saa hizo hazitoshi. Ipe siku mbili, na hapa feni inaruhusiwa. Jua kali lisitumiwe kuharakisha, kwa sababu hukausha juu na kuacha majimaji ndani.

Kinachofuata ndicho kinachotofautisha kazi nzuri na ya pupa. Lowesha karatasi kwa sponji mpaka picha ianze kuonekana kwa nyuma, subiri dakika mbili, kisha sugua kwa ncha za vidole kwa kuzungusha. Karatasi itajikunja na kutoka kwa vipande vidogo vidogo, kama ugali unaokaukia mkononi. Picha iliyolowa itaonekana safi kabisa, na hapo wengi hufurahi na kuacha, lakini ikikauka ukungu mweupe hurudi juu yake. Ukungu huo ni nyuzi za karatasi zilizosalia. Lowesha tena, sugua kwa wepesi zaidi, acha ikauke, na urudie mpaka ukungu ubaki kidogo sana. Kwenye mistari myembamba na maandishi tumia ubapa wa kidole, usitumie kucha wala brashi ya nguo. Ni afadhali ukungu kidogo ubaki kuliko herufi ing'oke, kwa kuwa ukungu huyeyuka machoni unapopaka tabaka la mwisho jembamba la midiamu, ilhali herufi iliyong'oka haina pa kurudi.

Baada ya tabaka hilo la mwisho, kazi isifuliwe kwa muda usiopungua siku tatu. Kwangu mimi, hii ndiyo njia bora kwa picha za nyeusi na nyeupe za zamani, kwa sababu mikwaruzo midogo inayobaki huipa picha sura inayolingana na umri wake.

Njia ya asetoni

Asetoni, ambayo ndiyo kiyeyushi kilicho katika dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, hulainisha tona na kuiruhusu ihamie kitambaani bila utando wowote. Kitambaa hubaki laini, lakini picha hutoka hafifu na haivumilii kufuliwa mara nyingi. Inafaa maandishi na michoro ya nyeusi. Hakikisha chupa imeandikwa kuwa ina asetoni, kwani zipo dawa za kucha zisizo nayo na hizo hazina nguvu ya kutosha.

Asetoni hushika moto upesi mno, na mvuke wake husafiri chini chini hadi ukutane na moto. Kwa hiyo pasiwe na jiko, sigara, mshumaa wala chetezo cha udi chumbani wala chumba cha pili, na madirisha yawe wazi. Hutoboa vyombo vya povu la plastiki na kuharibu vanishi ya meza, basi itiwe kwenye bakuli la kioo na meza ifunikwe kwa kadibodi. Watoto wawe mbali.

Bandika karatasi uso chini kwa seloteipu pande mbili, lowesha pamba ya dukani, gusa sehemu ya upana wa vidole vitatu na uisugue mara moja kwa mgongo wa kijiko cha chuma kabla haijakauka. Inua pembe uangalie, kisha uende sehemu inayofuata. Ukitia asetoni nyingi, tona itasambaa na mistari itavimba. Kitambaa kikishakauka kabisa na harufu ikaisha, kipigwe pasi kupitia karatasi ya kuokea keki ili tona ishike zaidi.

Njia za kupeleka kwa wenye mashine

Sablimesheni hutumia rangi ambazo kwa joto la nyuzijoto 190 hadi 200 hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta zenyewe, hivyo picha haina utando na haibanduki. Haishiki pamba, na kwa kuwa rangi zake hazifuniki, hutaka kitambaa cheupe. Inahitaji printa yake na mashine ya kugandamiza, kwa hiyo anayetaka fulana nyingi za poliesta kwa harusi au mashindano awapelekee wanaochapa fulana mjini. Kuchapa moja kwa moja kwenye kitambaa, kwa kukibandika juu ya kadi ya A4 na kukipitisha kwenye printa ya wino wa maji, pia kunawezekana, mradi kisiwe na uzi unaoning'inia. Lakini wino wa kawaida utachuruzika ukifuliwa, na kwa mashine ya leza jambo hilo lisijaribiwe.

Kufua na kurekebisha

Picha ya pasi ipewe siku nzima kabla ya kufuliwa. Geuza nguo ndani nje, tumia maji baridi na sabuni isiyo na dawa ya kupaushia, fua kwa mikono bila kusugua wala kukamua penye picha, na uanike kivulini, kwa kuwa jua la pwani hufifisha wino wa maji mapema kuliko tona. Pasi ipigwe upande wa nyuma tu, na karatasi ya kuokea keki iwekwe chini ya uso wa picha.

Pembe ya picha ya pasi ikiinuka, ikaushe vizuri, ifunike kwa karatasi ya kuokea keki na uigandamize kwa sekunde kumi. Iache ipoe ikiwa imefunikwa. Pembe ya akriliki itiwe tone la midiamu chini yake kwa kijiti cha meno na kuwekewa kitu kizito usiku kucha. Picha iliyopasukapasuka katikati haitengenezeki, ila kama kitambaa bado kizima, sehemu nzuri inaweza kukatwa na kushonewa kwenye mkoba mwingine kwa mshono wa zigizaga.